Siku Koko Alipotoa Makochi Nje

Juzi jirani yangu hapa Westville, nje kidogo ya Durban, alitoa kochi nje. Kochi zima, la rangi ya kahawia, limewekwa kwenye nyasi kando ya geti lake. Nilikuwa natoka kazini. Nikashtuka, nikaegesha gari vibaya, nikachukua kitenge kilichokuwa kiti cha nyuma, nikajifunga, nikaenda kubonyeza kengele ili nimpe pole. Akatoka mwenyewe, mzima wa afya, anatafuna tufaha. Kumbe amenunua kochi jipya, na hilo la zamani anasubiri mtu wa kulibeba. Nikamwambia nimekosea nyumba. Nilirudi garini nikicheka peke yangu, halafu kicheko kikakata na nikajikuta nalia, na sikuona aibu kulia.

Wenzangu tuliokulia kwenye maghorofa ya mjini Durban, watoto wa wazazi waliokuja na begi moja, najua baadhi yenu mmeshanielewa. Waliobaki nitawaeleza.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi na Koko. Koko ni bibi, ndivyo tunavyoita sisi wa Kongo. Baba alibaki njiani, na habari yake si ya leo. Tulikaa chini kabisa katika jengo refu. Mlango wetu ulitazama uwanja wa kuegeshea magari, na geti la uwanja lilitazama barabara iendayo sokoni Warwick, ambako watu hupita tangu alfajiri na mizigo kichwani. Mama alisuka nywele saluni. Alitoka mapema na kurudi vidole vimevimba. Ndiye aliyemleta Koko kutoka Uvira, baada ya vita kumfikia bibi huyo mpaka jikoni. Alimwokoa, hilo halina ubishi. Ila hakuna aliyemwambia Koko kwamba usalama wa Durban unakaa nyuma ya kufuli.

Kwani pale kwetu, mbele ya mlango wa mbao, palikuwa na mlango wa pili wa nondo. Nilipokuwa mdogo zaidi niliamini nondo zile zimewekwa ili Koko asitoroke arudi Uvira. Mchana, akibaki peke yake, alifungua ule wa mbao, akaweka kigoda nyuma ya nondo, akakaa na kitenge chake kilichonyooshwa magotini. Kwao mlango ukiwa wazi mchana maana yake ni watu wapo, pita. Kwa hiyo alikaa akingoja watu wapite. Na walipita kweli, wengi tu, kuelekea kwenye magari yao. "Bonjour! Habari ya leo?" Mmoja anaitikia kwa nyusi, mwingine ana waya masikioni, wa tatu anaharakisha akidhani anaombwa kitu. Msimamizi wa jengo, bwana mmoja aliyening'iniza funguo kiunoni, alikuja kumwambia Mama kwamba mlango wa mbao ufungwe kwa sababu ya wezi. Koko alifunga. Msimamizi alipopinda kona, akafungua tena.

Halafu kulikuwa na suala la sufuria. Koko hakujua kupikia watu watatu. Alitwanga sombe, yaani kisamvu, ya mtaa mzima, akaitia dagaa tunaowaita ndagala na mawese mpaka ukuta ukanuka Uvira. Mama alikuwa akigomba: "Mama, hii yote ni ya nani?" Koko alikuwa na jibu moja. "Na mugeni akikuya?" Mgeni hakuja. Tulikula sombe ile asubuhi na jioni, na niliipeleka shuleni kwenye kopo, nikachekwa.

Aliyekuja kila siku alikuwa Faida, naye alikuja kwa simu. Faida alikuwa mdogo wake Koko, aliyebaki Uvira. Kila asubuhi alituma sauti, ndefu, na nyuma yake jogoo na mtu anayekata kuni. "Yaya, umeamuka? Yaya, mvua imetupiga huku." Yaya kwao ni dada mkubwa. Koko aliisikiliza mara ya kwanza amesimama, mara ya pili amekaa, halafu akajibu kwa kupiga kelele, maana hakuamini kwamba kitu kidogo kama kile kinaweza kufikisha sauti Uvira bila kusaidiwa. Baada ya hapo ndipo alipokunywa chai.

Siku hizi watu waliosoma hukaa kwenye vikao na kunena kuhusu upweke wa wazee wahamiaji. Nimewahi kualikwa. Wanasema wazee wetu hawajui lugha, hawajichanganyi, wapewe darasa la kufuma. Nakaa nikiwatazama, damu inanichemka. Koko alisalimia jengo zima kila siku iendayo kwa Mungu. Kama kuna mtu aliyehitaji darasa pale, si yeye.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, mjue jambo moja nililokuwa nimejifunza. Muda si mrefu kabla ya hapo, familia moja ya ghorofa ya juu ilifukuzwa. Tulirudi kutoka shule tukakuta vitu vyao vyote njiani: kitanda, kabati, masufuria, picha ya harusi. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli. Watoto wao walikaa juu ya godoro wakati wapita njia wanachagua. Kufa kufaana. Mmoja alichukua birika, mwingine akaondoka na mkoba wa shule wa yule msichana tuliyekuwa tukicheza naye, na madaftari yakiwa bado ndani. Toka siku ile nilijua vitu vikitoka nje ya nyumba maana yake ni nini, na nilijiapiza kwamba vya kwetu havitachukuliwa hivyo.

Basi asubuhi moja sikusikia jogoo wa Faida. Nilikuwa bafuni. Mama alipoingia baada yangu alikaa humo sana, akatoka macho mekundu, akasema sabuni. Nikaenda shule. Mtoto haambiwi kifo kabla ya shule, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwetu. Yaliyosemwa nilipoondoka nilihadithiwa baadaye na Mama mwenyewe. Koko alikuwa amejifunga kitenge kichwani, akauliza watu wa msiba wanakuja lini: "Batu banakuya saa ngapi?"

"Batu gani, Mama?" Mama akamjibu. "Hapa si Uvira. Hawatujue. Jumapili tutamuombea Faida kanisani."

"Jumapili," Koko akasema.

"Mama, nisipofika leo, kiti changu cha saluni anapewa mwingine." Akamkumbatia, akaenda. Simlaumu Mama, na msimlaumu. Mji huu humfanya mtu achague kati ya kulia na kula, na alikuwa na midomo miwili ya kulisha.

Koko akabaki na kifo ndani ya nyumba iliyofungwa. Alikaa nacho mpaka akachoka, ndipo akafungua milango yote miwili, wa mbao na wa nondo, akamwita Ya Pascal, yaani kaka Pascal. Ya Pascal alikuwa kijana wa Bukavu aliyelinda magari pale uwanjani na kizibao chake kinachong'aa. Koko akamwambia, "Pascal, kuya unisaidie kutosha bintu inje." Ya Pascal hakuuliza kitu. Alivua kizibao, akashika upande mmoja wa kochi, Koko akashika wa pili. Kochi refu, makochi madogo, meza, kabati la televisheni, kitanda cha Mama, viti vya plastiki, vyote vikatoka vikapangwa uwanjani kuelekea geti. Ndani likabaki godoro moja sakafuni na mkeka. Ya Pascal akampa mkono wa pole, akarudi kwenye magari yake kwa sababu mwenye gari moja alikuwa anapiga honi.

Mimi nikafika wakati huo. Nilishuka kwenye teksi pale kwenye roboti, yaani taa za barabarani, nikavuka, na toka mbali nikaona kitambaa cha meza yetu kinapeperuka. Nikaona kitanda cha Mama. Nikasema moyoni, zamu yetu imefika. Sikumuona Koko, sikumuona Ya Pascal, na sikufikiria kuingia ndani kwa sababu niliamini ndani si kwetu tena. Nilirukia kochi refu, nikajilaza juu yake kwa mapana yangu yote, mkono mmoja nimeshika mguu wa meza. Nilikuwa mtoto mwembamba, lakini ningemng'ata mtu.

Mtu akaja. Alikuwa mzee wa kofia ya kiua, amebeba mikanda mingi ya suruali begani, wa kuuza. Nilikuwa nimemuona mara nyingi akipita kwenda Warwick. Alisimama getini, akatazama vitu vyetu polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua. Halafu akaingia, akaweka mkono kwenye kochi letu.

"Binti," akasema, "wenyewe wako wapi?"

Hilo ndilo swali la mwizi, nikajua. "Wameenda kuita polisi!"

Mzee akashtuka. "Polisi? Kwani kafa vipi?"

"Nani?"

"Marehemu."

"Hakuna marehemu! Tumefukuzwa! Na hili kochi hulichukui!"

Nilipiga kelele mpaka ndege waliokuwa ukutani wakaruka. Mzee angeweza kukasirika na kwenda zake. Alikuwa na mikanda ya kuuza, jua lilikuwa bado lipo, na sisi hakutujua. Badala yake aliitua ile mikanda chini, akaikunja vizuri, akapangusa uso.

"Haya," akasema. "Kufukuzwa nako ni msiba. Sogea nikae."

Akakaa. Kochi likalia, maana lilikuwa bovu upande ule. Nikabaki nimeshika mguu wa meza, sijui nifanye nini na mwizi aliyekaa.

"Jina langu Athumani," akasema, kwa sauti ya kawaida, ya kusikika. "Mtu wa Tanga. Miaka yote napita hapa, sijawahi kujua kama kuna watu wa kuongea Kiswahili."

Ndipo kilio kikatoka ndani ya nyumba. Sijawahi kusikia kitu kama kile kabla, wala baadaye. Kilianza chini, kikapanda, kikamtaja Faida kwa jina lake na kwa jina la baba yake na kwa mambo aliyoyafanya akiwa msichana. Nilikuwa sijajua kwamba kule kwao mtu halii msiba peke yake. Kilio kinamngoja wa kukipokea. Mgeni akifika, anasikika mlangoni, ndipo wenye msiba wanapoangua. Koko alikuwa na macho makavu tangu asubuhi, na sasa amekaa juu ya godoro lile, anangoja mtu mmoja tu afike ili aweze kuanza.

Mzee Athumani akasimama. "Inna lillahi," akasema, halafu akanigeukia bila hasira yoyote. "Kwetu makochi yakitoka nje, huulizi. Unaingia. Nimefanya kosa kuuliza." Akavua viatu mlangoni.

Nilimfuata. Koko alikuwa sakafuni, kitenge kimemlegea kichwani, analia kwa mdomo wazi. Mzee alichuchumaa mbele yake, akampa mkono na hakuuondoa. Mkongo na Mtanzania, Mkristo na Mwislamu, wameonana kwa mara ya kwanza hapo hapo. "Pole, mama. Pole sana. Ni nani?" Koko akamwambia ni nani. Akamwambia yote, mpaka jogoo. Na mimi nikajifunza kwa njia hiyo kwamba Faida amekufa, nikalia kwa sababu mbili kwa pamoja: kwa kufiwa, na kwa kutofukuzwa.

Baada ya hapo watu hawakukatika. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa wa kwanza, mama wa Kizulu aliyeitwa MaNdlovu. Watoto wake walikuwa Johannesburg, na sisi tulijua redio yake tu. Nadhani alitoka kuangalia kelele. Aliona mlango wazi, sakafu tupu, na mwanamke mzima juu ya godoro. Hakuna aliyemweleza. Alirudi kwake, akaja na shali mabegani na mshumaa mkononi, akauwasha, akaketi sakafuni karibu na Koko miguu imenyooka. "Akwehlanga lungehlanga, mama," akasema, ambayo ni pole yao: hakijatokea kisichowahi kutokea. Koko hakujua Kizulu hata cha kuombea maji. Alimwegemea begani kama waliozaliwa tumbo moja.

Mzee Athumani alienda Warwick akarudi na wenzake, wauza mikanda na wauza kofia, watu wazima wenye mvi ambao kila mmoja alikuwa amepanga kijichumba chake peke yake. Walikaa kwenye makochi uwanjani, wakaanza kuongea taratibu, na sikuelewa wakati ule kwa nini walionekana kufurahi msibani. Wakongo wa saluni walisikia kutoka kwa Ya Pascal. Sombe ya Koko, ile ya mtaa mzima, ikaisha siku ile ile.

Mama alikuja akikimbia. Mteja alikuwa ameingia saluni na kusema vitu vyenu viko nje, mmefukuzwa. Mama alikuwa ameacha kichwa cha mtu nusu hakijasukwa. Alipita getini viatu mkononi, akaona wanaume wamekaa kwenye kitanda chake, akaanza kufoka kabla hajafika: "Mama! Umefanya nini? Batu banasema tumefukuzwa!"

Akafika mlangoni, akawaona wanawake. Koko alimtazama kutoka godoroni. Hakumgombeza. Alisema tu, "Faida alikubeba mugongoni ukiwa na surua. Hakukutua." Mama alidondosha viatu. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumuona akilia nje ya bafu, alianguka juu ya lile godoro na kulia mbele za watu, na wanawake wakampokea.

Msimamizi naye akaja, hamkutegemea asije. Alisimama katikati ya uwanja, akasema kwa Kiingereza kwamba mikusanyiko hairuhusiwi, vitu virudi ndani, magari hayapati njia. Wanaume wakaanza kuinuka, maana mgeni katika nchi ya watu huinuka haraka anapofokewa. Koko akatoka. Alikuwa mfupi, nywele zimesimama, machozi hayajakauka. Akaniuliza anasema nini, nikamwambia. Akaenda kukaa kwenye lile kochi refu, upande ule mbovu, akapanda na miguu.

"Mwambie niko na kilio," akasema. "Akitaka kochi, aibebe na miye juu."

Nikamwambia. MaNdlovu alikuwa ametoka nyuma yetu, naye akaongeza ya kwake kwa Kizulu, haraka, kidole kimenyooka, na sehemu ile sitaitafsiri kwa heshima ya wasomaji. Msimamizi akatazama magari. Ya Pascal akamwambia kwa upole kwamba yeye atayapitisha moja moja, sharp, hakuna shida. Na kweli aliyapitisha, siku zote za matanga, akiongoza kila dereva kati ya kabati letu na meza yetu. Wanaume wakakaa tena.

Matanga yalipoondolewa, waliokuja ndio walioturudishia vitu ndani. Ilikuwa kelele tupu, kila mmoja ana maoni yake kabati likae wapi. Mzee Athumani akabeba kiti cha plastiki cha mwisho kilichobaki nje.

"Ile wacha," Koko akasema.

"Hapa hapa?"

"Hapa mbele ya mulango. Na mulango iko wazi."

Kikabaki. Kesho yake asubuhi msimamizi alikuja, na safari hii alikuwa na haki yake yote mkononi. Koko alikuwa amekaa kizingitini, mlango wa nondo umefunguliwa mpaka ukutani. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule. Mama alikuwa nyuma yetu, mkoba begani, ufunguo mdomoni, anatafuta kiatu cha pili.

Msimamizi akazungumza na mimi, maana alishazoea. Nikamgeuzia Koko: "Anasema msiba umeisha, watu wameondoka, kiti kiingie ndani. Anauliza hiki kilio chenu kinaisha lini."

Koko hakuinuka. Alimtazama usoni, si mimi.

"Mwambie kilio itaisha siku batu batakuya kukaa hapa bila mutu kufa."

Nilimtafsiria lote, sikupunguza neno. Msimamizi alinitazama, halafu akainua macho kwa Mama, kama anayengoja mtu mzima aje kunirekebisha. Mama alitoa ufunguo mdomoni. Alishusha mkoba begani, akatuvuka mimi na Koko, akakigeuza kile kiti kitazame ndani, akakaa mbele ya mama yake.

"Mwambie mumoja amefika," akaniambia. "Tunangojea bengine."